Pombe ya Asali, Pombe ya Nafaka: Ukali Unatoka Wapi?

Mtu aliyezoea mbege ya Moshi akifika Basotu, wilayani Hanang, na kukaribishwa pombe ya asali, atagundua upesi kwamba kipimo chake cha nyumbani hakimfai. Wengi husema ni maji ya huko, au ni mkono wa mpishi. Ukiufuata upishi wenyewe hatua kwa hatua, utakuta mambo matatu: sukari iliyotiwa, namna ilivyopatikana, na muda ambao pombe iliachwa ichache.

Chachu hula sukari ikatoa kileo. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huleta kileo cha asilimia 1. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na chachu huila bila kusaidiwa. Kilo moja ya asali, yenye gramu 800 hivi za sukari, ikizimuliwa hadi lita 5, kileo kinaweza kufika asilimia 9. Ikizimuliwa hadi lita 10, hakifiki hata asilimia 5. Hapo ndipo ulipo ukali wa gesuda, pombe ya asali ambayo Wadatoga wa Hanang huwapa wazee kwenye shughuli kubwa: asali ikiwa nyingi na maji machache, lazima iwe kali.

Nafaka ina kazi zaidi. Mtama, mahindi na ulezi vimejaa wanga, na chachu haili wanga. Ndiyo maana mpishi huotesha kimea: huloweka mbegu, huziacha zichipue, huzianika, kisha huzisaga. Mbegu inayochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari, na kazi hiyo hufanyika vizuri katika uji wa nyuzi 60 hadi 70. Kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota, vimeng'enya hufa, na pombe hutoka nyepesi hata kama unga ulikuwa mwingi. Hata upishi ukienda sawa, wanga mwingine hubaki kwenye machicha. Kwa hiyo pombe nyingi za nafaka huwa na kileo cha asilimia 2 hadi 4. Mbege huongezewa sukari ya ndizi mbivu, lakini uji wa ulezi huizimua, tena hunywewa mapema.

Siku na hali ya hewa nazo zina sehemu yao. Basotu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huichelewesha chachu, ndiyo maana chombo huwekwa karibu na moto. Ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, ni mtamu siku unapogemwa, kisha hukolea kadiri unavyokaa. Ukipitiliza, kileo hugeuka siki.

Viwandani sukari hupimwa kabla ya chachu kutiwa. Kwa hiyo bia ya Safari ni asilimia 5.5 na ya Kilimanjaro ni 4.5, uinunue Katesh au Mtwara. Pombe ya kienyeji haina kibandiko cha namna hiyo. Basi kabla ya kupokea kibuyu ugenini, uliza imepikwa kwa kitu gani, imezimuliwa kiasi gani na ina siku ngapi. Ukijibiwa hayo, utajua unywe kiasi gani.