Mtu wa Pili katika Futuhi: Marafiki Wawili, Filamu Moja na Wasikilizaji wa Kitengela na Kajiado

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amefundishwa kwamba hadithi ya Kiswahili haianzishwi na mtu mmoja. Fanani husema "Paukwa", na hadhira isipoitikia "Pakawa" hadithi hukwama mlangoni. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba itikio hilo ni la kukubali tu. Hadhira imepewa neno moja, nalo ni ndiyo. Neno la kukataa haikupewa. Makala haya yanakusudia kuchunguza utanzu mchanga ambamo mtu wa pili amelipata neno hilo, yaani podikasti za filamu za kuchekesha zinazoandaliwa na marafiki wawili kwa kujifurahisha, bila mshahara wala mdhamini. Hoja inayotetewa ni kwamba uhakiki, katika utanzu huu, huanza pale mmoja wao anapokataa kucheka.

Mazoea ya kusema juu ya filamu yana umri mkubwa Afrika Mashariki. Katika mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kutoka Vugiri huko Usambara kati ya 1935 na 1937, filamu zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko huku maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Msemaji wa wakati huo alikuwa na kazi moja: kuhakikisha kwamba mtazamaji haelewi jambo jingine ila lile lililokusudiwa. Miongo mingi baadaye, katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, aliigeuza kazi hiyo kuwa sanaa. Na nchini Kenya DJ Afro amewaingiza wahusika wa filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani katika lugha ya vijana wa mitaani, kiasi kwamba wapo watazamaji wanaoikumbuka sauti yake kuliko jina la filamu. Matthias Krings, alipoichambua sanaa hii ya Tanzania mwaka 2010, aliipa makala yake sitiari ya wali unaogeuzwa kuwa pilau. Sitiari hiyo inafaa, na inafichua zaidi ya inavyokusudia. Pilau hiyo ina mpishi mmoja. Anayekula anaweza kusifu au kuondoka, lakini hashiki mwiko.

Itadaiwa kwamba wachekeshaji wawili si jambo geni. Wasikilizaji wa Sauti ya Kenya waliwajua Mzee Pembe na Mzee Tamaa. Na watazamaji wa Vitimbi walimjua Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau aliyefariki mwezi wa Julai 2015, pamoja na Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Mama Kayai bila shaka alikuwa mtu wa pili mwenye neno la kukataa, tena lenye makali. Hata hivyo ukaidi wake ulikuwa wa mhusika. Mwigizaji hakuwa akimpinga mwigizaji mwenzake. Wote wawili walikuwa wakisukuma kichekesho kimoja kuelekea upande mmoja. Katika podikasti ya marafiki upinzani ni wa watu wenyewe, na haijulikani utaishia wapi.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Podikasti haina picha. Lufufu aliposema, filamu ilikuwa mbele ya macho ya wote, na uongo wake, kama ulikuwapo, ulijulikana papo hapo na kufurahiwa. Marafiki wawili wenye kinasa sauti hawana shahidi wa namna hiyo. Filamu ipo katika kumbukumbu zao tu, nazo hazilingani. Kwa hiyo kiini cha utanzu huu si maoni kuhusu filamu, kama wengi wanavyodhani, bali ni usimulizi upya. Mmoja husimulia tukio, mwingine hudakia kwamba halikuwa hivyo. Kijana wa Kenya ana neno moja la Sheng kwa kazi hiyo: "zii". Ni hapana iliyo fupi kuliko hapana, na hutumbukizwa katikati ya sentensi ya mwenzake bila kuomba radhi.

Ichukuliwe hali ya kubuni, ambayo hata hivyo haina ajabu. Marafiki wawili wamekaa katika chumba cha kupanga mjini Kitengela, madirisha yamefungwa ili kuzuia kelele za malori ya barabara ya Namanga. Mmoja alifuata kazi huko, mwingine amekulia katika jamii ya wafugaji upande wa Kajiado. Filamu ya siku hiyo ni The Gods Must Be Crazy, ya Jamie Uys, iliyotoka mwaka 1980 na kuchekesha kizazi kizima cha Wakenya. Uteuzi huo unaufaa mjadala kwa sababu filamu yenyewe ina msemaji mmoja asiyeonekana, ambaye hueleza kwa sauti ya mtaalamu wa wanyama kile ambacho Xi, mwindaji wa Kalahari, anakifikiri. Xi, aliyeigizwa na N!xau, husema kwa lugha yake. Msemaji humfasiria mtazamaji, na mtazamaji humwamini. Filamu hiyo ilitengenezwa na mzungu wa Afrika Kusini katika enzi ya ubaguzi wa rangi, na sauti yake haijapata mtu wa kuiambia zii.

Tukio linalostahili kuchambuliwa ni lile la mbuzi. Xi amesafiri mbali akiwa na chupa ya soda iliyoanguka kutoka angani, anaona kundi la mbuzi, analenga mmoja na kumwangusha. Mvulana mchungaji anakimbia kuita polisi. Xi anakamatwa, anapelekwa mahakamani, mkalimani anatafutwa, kifungo kinatolewa. Kichekesho kimejengwa juu ya kauli moja ya msemaji: kwamba mtu huyu hajui dhana ya umiliki. Mtazamaji anayejua umiliki hucheka kutoka juu kwenda chini.

Rafiki wa kwanza akilisimulia tukio hilo, atalisimulia hivyo hivyo. Lakini rafiki wa pili, kwa malezi yake, hawezi kumtazama mbuzi kama kifaa cha jukwaani. Kwake mbuzi ana alama, ana mwenyewe, na huenda amekwisha kuahidiwa mtu. Swali lake la kwanza litamhusu mvulana: kundi limeachwaje na mtoto mmoja, na baba yake yuko wapi? Hapo zii ya kwanza imekwisha kutoka, na kicheko kimehama kutoka kwa Xi kwenda kwa mwenye mbuzi.

Zii ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayoifanya Kitengela isiwe mandhari tu. Maasai waliondolewa katika malisho yao ya kaskazini kwa mikataba ya 1904 na 1911. Ranchi za vikundi zilizoanzishwa chini ya sheria ya 1968 ziliwapa ardhi ya pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi, mengi yakauzwa. Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ilipoundwa mwaka 1990 na viwanda hivyo kujengwa Athi River, wafanyakazi walihitaji vyumba. Na sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela. Mfugaji anayeshusha ng'ombe wake leo kwenye uwanda alioujua babake hukutana na ua wa seng'enge, na nyuma ya ua kuna hatimiliki. Basi ni nani asiyejua dhana ya umiliki? Au ni umiliki wa nani usiojulikana? Msikilizaji wa mji wa Kajiado, kilomita zipatazo hamsini kusini, anaweza kuwa mwenye mbuzi na Xi kwa wakati mmoja. Msemaji wa filamu hakuwa na nafasi kwa mtu wa namna hiyo.

Hapa suala la utani haliepukiki. Utani, kama unavyojulikana hasa Tanzania, si ruhusa ya kumcheka yeyote. Ni mkataba: watani hutukanana kwa sababu pia huzikana, na anayetania leo atatakiwa kesho kwenye msiba. Mgeni aliyehamia Kitengela hana mkataba wa aina hiyo na wenyeji. Mchekeshaji anapoigiza mlinzi Mmaasai mwenye Kiswahili kilichopinda, kichekesho ambacho kimezoeleka mno katika majukwaa ya Kenya na Tanzania, anachukua haki ya mtani bila deni la mtani. Podikasti ya marafiki wawili haiwezi kuufufua mkataba huo kwa jamii nzima. Inaweza tu kuuonyesha ukifanya kazi kati ya watu wawili ambao kweli watazikana.

Haifai kuusifu utanzu huu kupita kiasi. Vipindi vingi ni virefu kuliko mawazo yaliyomo. Marafiki hucheka kabla ya kichekesho kufika, na msikilizaji huachwa nje kama mgeni aliyefika baada ya chakula. Wengi huiga podikasti za Marekani hadi katika namna ya kuvuta pumzi, na hoja nzito ikitokea hukimbilia Kiingereza kana kwamba Kiswahili ni cha mizaha tu. Udhaifu huu wa mwisho ndio mbaya zaidi, kwa kuwa huondoa hoja mahali pale pale kicheko kilipoifikisha. Na pakitokea mdhamini, kuna hatari rafiki wa pili akapunguza zii zake; mwenye tangazo hapendi ugomvi. Kutolipwa, ambako waandaaji hukuona kuwa unyonge, ndiko kunakolinda kutokubaliana kwao.

Kwa mtafiti, ugumu mkubwa utakuwa katika unukuzi. Mbinu zilizozoeleka katika idara za fasihi zilibuniwa kwa ajili ya fanani mmoja: maneno yake huandikwa, na hadhira huwekwa katika mabano, "kicheko". Podikasti ya marafiki wawili haikubali mpangilio huo. Sauti zao hupandana, sentensi ya mmoja humalizwa na mwingine kwa maana tofauti, na mara nyingi kicheko ni cha mmoja tu, mwingine amenyamaza. Kunyamaza huko kunahitaji kuandikwa kwa jina la aliyenyamaza. Kwa sasa, zii inapofika karatasini, huwekwa kwenye mstari wake chini ya sentensi iliyoikata, kana kwamba ilisubiri zamu yake.