MISWADA YA PWANI KATIKA KOMPYUTA: TUNAHAKIKI NINI HASA?

Wengi wetu tunaohakiki ushairi wa kale huanzia pale alipoishia mtu mwingine. Tunachukua kitabu kilichopigwa chapa kwa hati za Kirumi, tunahesabu mizani, tunasifu vina, basi. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeamua kwamba neno lisomwe hivyo. Sasa udhuru hatuna. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, chuo cha SOAS, London, kiliorodhesha miswada yake ya Kiswahili na kuipiga picha, na mtu aweza kuitazama kwa kompyuta bila kulipa nauli ya ndege.

Hebu tuangalie jambo moja. Katika hati ya Kiarabu kama ilivyotumika zamani pwani, kasra hubeba i na pia e. Dhuma hubeba u na o. Herufi be nayo huweza kusimama mahali pa b, p au mb, hata bata, pata na mbata yakafanana kama mapacha. Kwa hiyo tunaposema mshairi "kavunja kina", huenda aliyevunja ni mhariri! Muyaka wa Mombasa alifariki 1840. Diwani yake aliitoa William Hichens, Johannesburg, mwaka 1940, na katikati hapo kuna Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, waliokusanya beti hizo na kuzifafanua. Anayeandika tasnifu juu ya Muyaka bila kufungua karatasi za Taylor, mimi nadhani anamhakiki Hichens.

Lakini picha nazo zisitulevye. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliandika kwa mkono mzuri ajabu, na katika miaka ya 1930 alinakili tenzi kwa ajili ya Hichens na wataalamu wengine wa Ulaya. Je, hivyo ndivyo utenzi ulivyokaa nyumbani Lamu? Si lazima. Nakala ya kuagizwa huandikwa kwa jicho la mwagizaji, na mhakiki asiyelijua hilo atasifu unadhifu akidhani ni desturi.

Tazameni pia majina ya makusanyo: Taylor, Hichens, Werner. Namshukuru Mungu yupo na Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa. Mnakili na mwenye nyumba iliyotunza karatasi wamesukumwa ndani ya maelezo, kwa maandishi madogo.

Ila kinachoniuma zaidi kiko huku kwetu. Orodha ya J. W. T. Allen ya miswada iliyomo katika maktaba ya Dar es Salaam ilichapishwa 1970, na darasani nilikosoma mimi tulipewa muhula mzima wa nadharia za Ulaya. Hati ya Kiarabu haikupata hata wiki. Jamani, walimu wetu, saa mbili kwa juma zingetosha kuanzia. Mzee wa madrasa anayeweza kuifundisha yuko mtaa wa pili, tena hahitaji kompyuta.