Denzel Washington na Kipimo cha Filamu Iliyotoka Kitabuni

Msomaji akitazama filamu iliyotokana na kitabu anachokipenda, jambo la kwanza analofanya ni kuhesabu yaliyokosekana. Mhusika fulani hayupo, sura nzima imerukwa, mwisho umegeuzwa. Hesabu hiyo haimchoshi mtu, ndiyo maana inapendwa, lakini haimwambii chochote kuhusu ufundi. Kitabu hakina kingine ila maneno, na maneno hayo yanabeba mizigo mingi: mawazo ya mhusika, miaka inayopita, siri anayoijua msimulizi peke yake. Filamu nayo ina uso, mwili, sauti na mahali. Anayetaka kuipima vizuri na aulize hivi: mzigo uliokuwa ukibebwa na maneno, sasa anaubeba nani, na anaufikisha? Njia nzuri ya kujizoeza ni kumfuata mwigizaji mmoja katika filamu nyingi za namna hiyo, maana uso ukiwa uleule na sauti ileile, tofauti ya ufundi hujitokeza yenyewe. Kwa zoezi hilo ni wachache wanaomfikia Denzel Washington. Amecheza wahusika waliotoka katika tawasifu, riwaya za upelelezi, tamthilia za Shakespeare na za Wamarekani weusi, hata kitabu cha katuni.

Anayeamini kwamba uaminifu kwa kitabu ndio kipimo, aanze na Cry Freedom, filamu ya Richard Attenborough ya mwaka 1987. Ilitokana na vitabu vya Donald Woods, mhariri mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa rafiki wa mwanaharakati mweusi Steve Biko. Woods aliandika aliyoyaona: urafiki wao, kifo cha Biko mikononi mwa polisi Septemba 1977, kisha yeye mwenyewe kupigwa marufuku na kutoroka nchi. Filamu ikamfuata hatua kwa hatua. Matokeo yake, Biko anakufa kungali na safari ndefu, na muda mwingi uliobaki unakwenda kwa familia ya Woods na njia yao ya kuvuka mpaka. Denzel alimpa Biko utulivu wa mtu anayejua kwamba anasikilizwa, kisha akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Yaani Biko alikuwa msaidizi katika filamu ambayo watu wengi waliifuata kwa ajili yake. Hapo kitabu hakikusalitiwa hata kidogo. Kasoro imezaliwa na uaminifu wenyewe, kwa sababu mtengenezaji hakujiuliza kama jicho la msimulizi ndilo jicho lililofaa kuiongoza kamera.

Malcolm X ya Spike Lee, iliyotoka mwaka 1992, ilikabiliwa na kikwazo kikubwa zaidi. Tawasifu ambayo Malcolm alimsimulia Alex Haley inazungumza kwa nafsi ya kwanza, na utamu wake uko katika mtu mzima anayemtazama kijana aliyekuwa, akimhukumu bila huruma. Filamu ina zaidi ya saa tatu na bado imekata mengi. Baines, anayemwelekeza Malcolm gerezani, ni mhusika aliyefinyangwa kutokana na watu kadhaa. Mwenye kuhesabu makosa atapata ya kuandika. Lakini tazama tukio la nje ya hospitali huko Harlem. Ndugu mmoja wa Nation of Islam, jumuiya ya Malcolm, amepigwa na polisi, wenzake wamejipanga kwa safu, umati umefurika nyuma yao. Malcolm akishahakikishiwa kwamba majeruhi anatibiwa, hahutubii. Anatoa ishara ya mkono tu, na safu zote zinageuka na kuondoka. Kamanda wa polisi anabaki ameduwaa, akitamka kwamba mamlaka kama hayo ni makubwa mno kwa mtu mmoja. Nguvu ambayo kitabu kingeieleza kwa kurasa imehamia katika kiganja. Ndicho kitu cha kutafuta: mahali ambapo filamu imepunguza maneno na maana ikaongezeka.

Filamu hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Hakuna anayeweza kusimulia kifo chake mwenyewe. Malcolm aliuawa tarehe 21 Februari 1965, na kitabu kikatoka baadaye mwaka huohuo, kwa hiyo pale sauti ya “mimi” inapokatika, filamu inabaki peke yake. Lee akamweka Denzel juu ya kitoroli cha kamera, mtaa ukawa unasogea nyuma yake naye anakuja mbele bila kupiga hatua, kama anayevutwa kuelekea ukumbini, huku wimbo wa Sam Cooke ukisikika. Uso hauna hofu wala ushujaa. Ni uso wa mtu aliyekwisha kujua. Mwigizaji asiye na kiasi angetuonyesha kwamba anajua. Denzel anatuachia tujue wenyewe.

Hapa patakuwa na pingamizi, tena la haki: ikiwa uaminifu si kipimo, je, mtengenezaji ana ruhusa ya kufanya atakalo? Hana. Kila badiliko lina bei yake, na mtazamaji makini huangalia kama bei hiyo imelipwa. Chukua Man on Fire ya Tony Scott, ya mwaka 2004, iliyotokana na riwaya ya A. J. Quinnell ya mwaka 1980. Riwaya iko Italia, nchi iliyokuwa ikisumbuliwa na utekaji wa watoto wa matajiri. Filamu ikahamia Mexico City, ambako kufikia miaka ya 2000 ndiko balaa hilo lilikovuma. Badiliko hilo halina ubishi. Zito zaidi ni hili: kitabuni mtoto anakufa na mlinzi wake Creasy anabaki hai, filamuni mtoto anarudi na Creasy wa Denzel anajitoa badala yake. Kwetu, watu waliokulia katika vibanda vya video wana imani yao kwamba steringi hafi, na hapa steringi amekufa hali mwandishi mwenyewe alimwacha hai. Je, bei imelipwa? Kwa nusu ya kwanza, ndiyo. Filamu inatumia muda mrefu kuonyesha mlevi aliyechoka na maisha akifundishwa kucheka na mtoto mdogo, hata hatua zake za mwisho darajani zikawa malipo ya deni tunalolifahamu. Nusu ya pili ina walakini: kamera inayotikisika na picha zinazokatwakatwa, ambazo mwanzoni zilitupa akili ya mtu mlevi, zinaishia kuyapamba mateso anayowapa maadui zake, na mtazamaji anaalikwa kuyafurahia.

Riwaya za nafsi ya kwanza zina mtego mwingine, sauti ya msimulizi inayosikika juu ya picha. Devil in a Blue Dress, ambayo Carl Franklin aliitoa mwaka 1995 kutokana na riwaya ya Walter Mosley, inaitumia. Sauti ikirudia kile tunachokiona, ni uvivu. Ikisema kile ambacho uso unakificha, ina kazi. Easy Rawlins, mtu mweusi katika Los Angeles ya mwaka 1948, lazima apime neno kabla ya kulitoa mbele ya wazungu, na Denzel anaonyesha kupima huko kwa macho yanayoshuka kidogo kisha kurudi. Palipo na macho hayo, sauti ya msimulizi ingeweza kunyamaza zaidi ya ilivyonyamaza.

Tamthilia inageuza swali. Yenyewe tayari imeandikwa kwa ajili ya mwili na sauti, na hatari yake ni kwamba maneno ni mengi kuliko kamera inavyohitaji. Fences, ambayo Denzel aliiongoza na kuiigiza mwaka 2016 kwa hati ya August Wilson mwenyewe, aliyefariki mwaka 2005, ililaumiwa kuwa ni jukwaa lililopigwa picha. Lawama hiyo haina uzito. Troy Maxson ni mzoa taka wa Pittsburgh ambaye dunia yake ni ua wa nyuma ya nyumba. Kumtoa pale ili filamu “ipumue” ni kumpa uhuru ambao hadithi nzima inasema hana. Mara chache filamu inapotoka nje ya ua huo, haipati kitu. Kamera imefanya kazi yake kwa ukaribu: Troy anapokiri kwamba mwanamke mwingine ana mimba yake, Rose wa Viola Davis anamjibu huku machozi na kamasi vikimtiririka bila kufutwa, na mtu wa safu ya mwisho ukumbini asingeviona kamwe.

Njia ya Joel Coen katika The Tragedy of Macbeth ya mwaka 2021 ni ya upande wa pili. Picha haina rangi, fremu inakaribia mraba, kuta ni za studio na hazijaribu kuficha kwamba ni za studio. Wasomaji wa Kiswahili walioisoma katika tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, wanalikumbuka jambia linaloelea hewani. Coen haelezi jambia kwa hila za kompyuta: Macbeth wa Denzel anatembea katika korido ndefu, kitu kinang'aa mbele yake, naye anapokifikia ni kishikio cha mlango wa chumba cha mfalme. Hofu imekuwa chuma cha kushikwa. Na kwa kuwa mume na mke hapa wamepita umri wa miaka 60, uroho wa madaraka umekuwa nafasi ya mwisho ya watu wasio na mtoto, bila mstari mpya kuongezwa.

Atakuwepo wa kusema kwamba kipimo hiki kinamsifu mwigizaji na kumsahau aliyegeuza maandishi. Jibu liko katika A Soldier's Story ya mwaka 1984. Denzel alikuwa amekwisha kumcheza Peterson jukwaani mwaka 1981, katika tamthilia ya Charles Fuller. Mwigizaji yuleyule, mhusika yuleyule, na Fuller ndiye aliyeandika hati ya filamu. Jukwaani, Kapteni Davenport, anayewahoji askari, anazungumza na watazamaji moja kwa moja. Filamu imeuondoa usemi huo na kuukabidhi mzigo wake kwa nyuso za askari wanaohojiwa, Peterson akiwa mmojawapo nyuma ya miwani yake ya duara. Kipaji hakikubadilika, kilichobadilika ni mahali kilipowekwa, na hiyo ni kazi ya mwandishi na mwongozaji. 2 Guns ya mwaka 2013 inathibitisha kwa kinyume chake. Kitabu cha katuni cha Steven Grant kinaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku na kumwachia msomaji ajaze pengo. Filamu ikaliziba kwa milio ya risasi na utani wa Denzel na Mark Wahlberg. Unachekesha, lakini hakuna mtu ndani yake.

Anayetaka kuanza, aanze na A Soldier's Story, kisha aende Malcolm X akiwa amekwisha kusoma kitabu. Fences na Macbeth zitazamwe kwa kufuatana. 2 Guns ingojee siku asiyo na kazi.