Gitaa la Pili, au Zeze la Babu?

Katika kwaya zetu za vijijini gitaa la kwanza hununuliwa kwa furaha, na la pili hununuliwa kwa ugomvi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu Ugogo. Baada ya kuuza karanga wanakwaya walihesabu fedha za akiba, wakaona zatosha kununua gitaa jingine, na papo hapo wakagawanyika. Vijana walitaka lile la nyuzi 12 walilokuwa wameliona dukani mjini, jeusi, ling'aalo hata mtu aweza kujitazama uso wake ndani yake. Wazee walisema afadhali mabati. (Wazee husema mabati kwa kila jambo.) Sisi tuliombwa kutoa shauri, kwa kuwa ndisi tufundishao nyimbo; na kwa kuwa shauri letu la zamani liliwahi kuwatia watu hasara, safari hii tulitaka kupima kwanza.

Hasara ile twaieleza ili msomaji asiirudie. Gitaa letu la kwanza ni la namna ya Kispania, ambalo umbo lake la sasa latokana hasa na kazi ya fundi Antonio de Torres wa karne ya 19. Nyuzi zake ni za nailoni. Sisi tukaona sauti yake yamezwa na waimbaji, tukalivika nyuzi za chuma. Majuma mawili lililia vizuri kweli. Juma la tatu kile kipande cha mti kilichogandishwa juu ya tumbo la gitaa, ambacho hushika mikia ya nyuzi, kikabanduka na kuinua ubao pamoja nacho. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu nyingi kuliko za nailoni, na ubao wa gitaa la Kispania ni mwembamba, haukutiwa miimo ya kustahimili mvuto huo. Seremala aliligandisha, nalo latumika hata leo, lakini kovu laonekana, na kila mwanakwaya mpya huelezwa ni nani aliyelitia.

Basi tulikwenda dukani tukalishika lile jeusi mikononi. Gitaa la nyuzi 12 kwa kweli ni gitaa la jozi sita. Katika jozi nne zilizo nene, kila uzi mnene una mwenzake mwembamba utoao sauti ileile katika daraja ya juu. Jozi mbili nyembamba hulia sauti moja. Ndiyo sababu gitaa moja lasikika kama magitaa mawili, na vijana hawakukosea kulipenda. Lakini nyuzi 12 ni kazi ya kulinganisha mara 12. Tena katika nchi yetu, ambako kiangazi hukausha mbao hata zikapasuka, gitaa lililolinganishwa asubuhi huwa limepotoka jioni.

Tulilipima kwa kipimo ambacho kila mnunuzi aweza kukitumia bila kulipa kitu. Hesabu vyuma vilivyolazwa shingoni mpaka ufike cha 12. Gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma hicho, usiukandamize, uupige. Watoa sauti nyembamba kama ya filimbi. Sasa ukandamize palepale, uupige tena. Sauti hizo mbili hazina budi kuwa moja. Katika gitaa lile sauti ya pili ilipanda kuliko ya kwanza, wala si kwa uzi mmoja, bali kwa nyuzi nyingi. Gitaa la namna hiyo ni la uongo, na uongo wake hauponi kwa kukaza vigingi. Kama wapona, ni kwa mkono wa fundi hodari, naye kwetu hayupo. Bei yake, tulidhani, ilikuwa ni bei ya rangi.

Vijana wakanung'unika. Tukawauliza, "Mwataka nini hasa?" Wakajibu kwamba wataka sauti ya kumeremeta, isikikayo juu ya kwaya. Sauti hiyo yapatikana kwa bei ya uzi mmoja. Gitaa kwa desturi hulinganishwa E A D G B E, kutoka uzi mnene hata mwembamba. Wapigaji wa Kongo wana mpango waitao mi-composé: huuondoa uzi wa nne, ule wa D, na mahali pake hutia uzi mwembamba kama ule wa kwanza, kisha huukaza hata utoe D ya daraja ya juu. Nyuzi nyingine haziguswi, wala vidole havijifunzi mahali papya. Tulijaribu jioni moja kwa gitaa la chuma la kuazima, na wale waliokuwa wakinung'unika walikuwa wa kwanza kuomba wapewe zamu.

Mpango mwingine hauna gharama hata senti moja. Ushushe uzi wa sita kutoka E hata D, wa tano kutoka A hata G, na wa kwanza kutoka E hata D. Ukizipiga nyuzi zote bila kukandamiza chochote zasema so, do, so, do, mi, so. Na kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi zote chatosha kuhamisha sauti hizo mahali pengine. Mwanafunzi aweza kuwafuatisha waimbaji siku ya kwanza. Lakini sisi hatuusifu sana mpango huu. Nyimbo zote zapata ladha moja, na mkono wa kushoto wajifunza uvivu.

Atakaye kujua gitaa moja laweza kufika wapi na amsikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeishi tangu 1930 hata 1990. Wimbo wake "Masanga" ulinaswa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo waitwa Likasi. Kidole gumba chashika njia yake chini, cha shahada chacheza juu, wala hakuna hata mmoja amsubiriye mwenzake. Vijana wetu walipousikia walibisha kwamba wapigaji ni wawili.

Hayo yote yangetosha kama nyimbo zetu zote zingekuwa za do-re-mi ya shule. Lakini nusu ya nyimbo ziimbwazo na kwaya yetu zimetoka kwa bibi zetu, na hapo gitaa, liwe la kwanza au la pili, lina ila isiyotengenezwa na fundi yeyote. Wimbo wa zamani wa Kigogo husimama juu ya sauti ambazo uzi huzitoa ukigawanywa sehemu sita, saba, nane, tisa na kumi. Kwa majina ya shule twaweza kuziita so, ta, do, re, mi. Lakini ta hiyo ya sehemu ya saba i chini ya ta ya gitaa kwa kadiri ya theluthi ya nusu-hatua, na mi nayo i chini kidogo. Waimbaji wetu huziimba hivyo bila kufundishwa na mtu. Gitaa haliwezi, kwa kuwa vyuma vya shingoni vimekwisha kuikata ngazi katika nusu-hatua 12 zilizo sawa. Mpigaji aweza kuuvuta uzi kando kwa kidole, lakini kuuvuta ni kuipandisha sauti, si kuishusha. Miaka mitano tuliwakaripia akina mama wa sauti ya pili mbele ya watu, tukisema wanashuka. Mmoja wao aliacha kwaya kwa ajili hiyo. Twakiri hapa kwamba akina mama walikuwa sawa, na gitaa ndilo lililokuwa likipanda.

Aliyetuzibua masikio ni babu mmoja jirani, ambaye hukaa mlangoni tukifanya mazoezi. Siku moja alisema, "Mwalimu, chombo chenu hakiinami. Mama hawa wanainama, chenyewe kinakataa." Akaleta zeze lake: kibuyu kilichofunikwa ngozi, fimbo, nyuzi mbili, na uta mdogo. Zeze halina vyuma shingoni. Kidole chasimama popote sikio litakapo. Alipolipiga pamoja na akina mama, ile ta iliyokuwa ikitusumbua ilikaa mahali pake. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, aliyezaliwa 1938 na kufa 2003, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alilipeleka zeze hata Ulaya.

Hata hivyo tusilisifu kupita kiasi. Sauti ya zeze ni ndogo. Ngozi yake hulegea wakati wa masika. Na wimbo wa sauti nne ubadilishao do yake katikati walishinda kabisa. Tulifikiri pia juu ya udi wa pwani, chombo cha taarabu, ambao nao hauna vyuma shingoni, lakini bei yake ni kubwa na kujifunza kwake ni kwa miaka. Nyatiti ya Wajaluo ilitutamanisha zaidi. Ina nyuzi nane, kila uzi na sauti yake, waweza kuukaza au kuulegeza upendavyo. Tena mpigaji hugonga mwili wake kwa pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu, akawa mpigaji na ngoma pamoja. Ila kwetu hakuna wa kuifundisha, na babu yupo.

Shauri letu likawa hili: zinunuliwe nyuzi za akiba, za nailoni kwa lile gitaa letu lenye kovu, na fedha nyingine apewe babu, atengeneze mazeze mawili na kuwafundisha watoto wanne. Vijana hawakuridhika, na wawili wanaweka fedha zao wenyewe kwa ajili ya gitaa la chuma ili wapate kuutumia ule mpango wa Kongo. Tumewaahidi kwenda nao dukani na kipimo chetu. Yule mama aliyeacha kwaya tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitusikiliza, akasema atafikiri. Zeze la kwanza limekwisha kufungwa, na ngozi yake bado yakauka juani.