Chupa Zilizofungwa Gazeti

Igogo ni mahali pazuri kwa mtu anayependa kulinganisha. Panda juu kwenye miamba, kule ambako nyumba zimepandiana hadi hujui ukuta wa jirani unaishia wapi na jiwe linaanzia wapi, utaiona chini bandari ya Mwanza Kusini na reli inayoshuka hadi ukingoni mwa ziwa. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora. Ukiifuata kinyumenyume unakatiza Usukuma, unaingia nchi ya asali ya Wanyamwezi, na ukishika reli ya kati kuelekea mashariki unafika Dodoma penye mizabibu. Ukiipa reli kisogo na kutazama maji, ng'ambo ya magharibi iko Bukoba na migomba yake, safari ya meli ya usiku mmoja. Zabibu, asali na ndizi, zote zina njia ya kufika kwenye baraza moja la Igogo.

Barazani kwa shemeji yangu ndiko tunakokutana, baadhi ya Jumamosi, jua likishapoa. Kila anayekuja huja na chupa, na masharti ni mawili tu: chupa ifungwe gazeti kutoka kitako hadi shingoni, na asiyekunywa asishurutishwe. Shemeji huziandika namba, kisha huzichanganya mwenyewe nyuma ya pazia. Mezani kuna dagaa wa kukaanga, sato wa kuchoma, ndimu, chumvi, na maji ya kusuuzia kinywa. Glasi ni zile zile za chai. Hazifai sana, kwa kuwa mdomo wake mpana huachia harufu itoroke, lakini glasi za shingo ndefu na ngazi za mawe za Igogo havipatani.

Gazeti lina kazi yake. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waamuzi wa Kifaransa mbele ya mvinyo wa kwao na wa California, majina yakiwa yamefichwa. Watu hao, ambao riziki yao ilitokana na ndimi zao, waliupa ushindi mvinyo wa California, mweupe na mwekundu pia. Mwaka 2001 mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux alifanya la hila zaidi: aliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaueleza kwa maneno ambayo wataalamu huyatumia kwa mvinyo mwekundu. Ikiwa macho yanaweza kuulaghai ulimi uliosomeshwa, sisi tuliokulia kwenye imani kwamba cha nje ndicho bora tunalihitaji gazeti kuliko wao.

Kuna jioni namba moja na namba nne zilitugombanisha. Zote nyeupe, zote kavu, zote zina harufu ya pera lililoiva. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliinusa namba nne akasema, "Hii ya Kusini. Imetulia." Shemeji akambishia: namba moja ndiyo ya Kusini, nne ni ya kwetu. Gazeti lilipochanwa mzee alikuwa amepatia. Zote zilitokana na zabibu ya Chenin Blanc, moja ikitoka Dodoma na nne Afrika Kusini, ambako zabibu hiyo imelimwa kwa karne nyingi. Na kwa haki, ya Kusini ilikuwa nzuri zaidi. Uchachu wake ulikuwa umesimama wima, wakati ule wa Dodoma ulianza vizuri kisha ukalegea. Lakini tulipomega sato na kumkamulia ndimu, ile ya Dodoma ikafufuka. Kwa mlo huo wengi wetu tukairudia hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria aliyeitengeneza. Kwa nini uchachu ulilegea? Zabibu ikiachwa juani, sukari hupanda na uchachu hushuka. Mvunaji anangoja siku moja vikutane, na katika joto la Dodoma siku hiyo haikai. Akiwahi anapata juisi kali yenye sukari kidogo. Akichelewa anapata sukari tele isiyo na uti wa mgongo. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi, hamira ikishazila, hutoa asilimia moja ya kileo, kwa hiyo anayepima sukari shambani anaamua tangu siku ile chupa itakuwa kali kiasi gani. Ufundi wote wa mvinyo, kwa macho yangu, ni ufundi wa kujua wakati wa kukatisha: kukata tawi, kukata kishada, kutenga maganda, kuizuia hamira.

Dodoma ufundi huo unaanzia mbali kuliko Ulaya. Kule majira ya baridi huulaza mzabibu, na jua la masika huuamsha. Mkulima hafanyi zaidi ya kufuata. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu ungependa kuendelea tu, majani juu ya majani, na anayeuambia kwamba msimu umeanza ni mkulima mwenye mkasi. Akipogoa leo, baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, mnamo Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huandamwa na mvua, na mvua huleta ukungu na kuizimua juisi. Ya pili huja kiangazi, na mimi nikiulizwa nitachagua ya kiangazi daima. Bahati mbaya chupa zetu nyingi hazisemi zilivunwa lini, na huo ni uchoyo usio na faida kwa mtu yeyote.

Mizabibu hiyo ililetwa na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa, na misheni ya Bihawana ndiyo inayotajwa kila historia hii inaposimuliwa. Baadaye serikali ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na jina la mahali hapo likashika zabibu nyekundu ambayo wakulima wengi wa Dodoma wanaipanda: ngumu, inayostahimili ukame. Chenin Blanc na Syrah zipo pia, na kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo kimefanya kazi na zabibu za Kiitaliano. Lakini Makutupora nyekundu ndiyo ninayoipenda ije mezani, kwa sababu haina binamu yake wa Ufaransa wa kulinganishwa naye. Inabidi ionjwe kwa ilivyo.

Mvinyo mwekundu na mweupe hutofautiana kwa maganda. Kamua zabibu nyekundu, utashangaa: juisi yake karibu haina rangi. Rangi iko gandani, pamoja na ule ukakasi unaokausha fizi. Anayetaka mvinyo mweupe hutenga maganda mara moja, na huuchachusha kwa ubaridi, nyuzi 12 hadi 18, ili harufu isiruke na mvuke. Anayetaka wa waridi huyaacha maganda kwa saa chache. Anayetaka mwekundu huyaacha siku kadhaa, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, akiyazamisha na kuyazamisha tena kwa sababu gesi huyainua juu. Kila siku anaonja. Siku ikizidi, ukakasi unakuwa wa gome la mti. Siku ikipungua, anapata maji mekundu yenye haya. Hakuna kipimo kinachomwambia leo ndiyo leo. Ulimi wake ndio unaosema.

Jioni ile Makutupora ilikuwa namba mbili, na dagaa nusura waiue. Mvinyo mwekundu una chembe za chuma, na chuma hicho kikikutana na mafuta ya samaki huacha shombo kinywani, kana kwamba umelamba ndoana. Waliofuatisha dagaa na namba mbili wakakunja nyuso na kuipunguzia maksi. Shemeji, mtu wa haki, akakatisha upigaji kura, akaleta mishikaki ya mbuzi, tukaanza upya. Namba mbili ikapanda kutoka mkiani hadi mbele. Ilikuwa kavu, ina harufu ya zambarau, na ule ukakasi ulipokutana na mafuta ya mbuzi ukalainika. Tuliipoza kidogo kwenye ndoo ya barafu, jambo ambalo vitabu vya Ulaya huliruhusu kwa shingo upande. Vitabu hivyo vikisema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, vinasema chumba cha Ulaya. Chumba cha Igogo ni habari nyingine.

Namba tano haikuhitaji kura. Ilipomiminwa tu kila mtu akacheka: Dompo. Mtamu, mzito, wenye kileo kikubwa kuliko wenzake, unaotengenezwa na Alko Vintages ya Dodoma na kujulikana kwenye vikao vya nchi nzima. Wapo wanaoona aibu kukiri kwamba wanaupenda. Mimi siwaelewi. Wareno wametengeneza mvinyo mtamu wa port kwa karne kadhaa: hamira ikiwa bado inakula sukari, wanatia pombe kali, hamira inakufa, na sukari iliyobaki inabaki. Dunia inauheshimu. Utamu si kosa la ufundi. Kosa ni utamu unaotiwa ili kufunika mvinyo mbovu, na tofauti hiyo unaijua kwa kungoja: mvinyo mtamu ulio mzuri ukishameza unaacha kinywa safi, mbovu unakiacha kinanata. Kipimo changu kwa Dompo ni hicho hicho, na mahali pake ni baada ya mlo, kidogo kidogo, wala si kwenye bilauri iliyojaa saa kumi jioni.

Namba sita ilikuwa ya choya, rosela kama wengine wanavyoiita, iliyopikwa na dada mmoja anayeisindika nyumbani. Nyekundu ya kuvutia macho, chachu, harufu yake nyepesi. Rubisi ya Bukoba ilikuja kwenye dumu, na dumu halifungiki gazeti, kwa hiyo ilionjwa uso wazi. Ndizi mbivu hukandwa kwa majani, juisi ikachujwa, ukatiwa unga wa mtama uliokaangwa, ikalala. Hapa hakuna wa kukatisha. Hamira inaendelea na safari yake mezani mbele yako: jana ilikuwa tamu, leo imekolea, keshokutwa ni siki. Ukilinganisha rubisi na mvinyo wa chupa kwa kuuliza ipi inadumu, umeionea. Iulize ikoje leo. Leo ile ilikuwa na ukali mtamu wa kuburudisha, na wanzuki ya asali iliyokuwa pembeni yake ilionekana nzito na yenye usingizi.

Mwamuzi bora wa jioni hiyo hakunywa tone. Jirani yetu ni Msabato, huja kwa ajili ya sato na mazungumzo. Mtu akamsogezea glasi anuse tu. Akazinusa zote sita, moja moja, bila haraka, akasema, "Hii ya tatu ina kitu. Kama kadibodi iliyolowa." Sisi tulishaimeza na kuisifu kwa sababu ilikuwa nzito. Gazeti likachanwa: ilikuwa chupa ya nje, ghali kuliko zote. Tulirudi kuionja, na jirani alikuwa amesema kweli. Harufu ile hutokana na kizibo kilichoshikwa na ukungu, na mara nyingi mtengenezaji hana la kufanya. Chupa za Dodoma zinazokuja na kifuniko cha kuzungusha huikwepa balaa hiyo kwa njia ya bei rahisi.

Hukumu yangu, kwa anayeitaka: kwa sato, chukua Chenin Blanc ya Dodoma iliyo kavu, iwe baridi sana, na usisahau ndimu. Kwa mbuzi, Makutupora iliyopozwa kidogo. Dompo ije mwisho. Ukipata rubisi ya jana, achana na chupa zote.

Kisha niwaombe wenye maduka, wa Igogo na wa Barabara ya Kenyatta hadi Mkuyuni. Mvinyo hupenda kulala gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 15. Nyinyi mnaupanga dirishani ili wapita njia waone rangi, jua la mchana likaupika nyuma ya kioo mwezi mzima, kisha mteja akionja anasema mvinyo wa Dodoma haufai. Mtu aliyeonja kila siku ili ajue lini ayatoe maganda hastahili hivyo. Ondoeni chupa dirishani, wekeni moja tupu ya maonyesho, na nyingine zote zishusheni rafu ya chini, nyuma, penye kivuli.