Kipimo cha inchi

Zamani mulambu ulifika Musumba kwa Mwant Yav: chumvi, shaba na vitu vingine. Aliyetaka kujua nguvu ya utawala wa Balunda aliuliza maswali mawili: mulambu unatoka wapi? Na mukubwa anamugawia nani? Siku hizi wenye elimu wanapima inchi kwa namna ingine. Wandugu wasomaji, tuangalie kipimo chao.

Tangu mwaka 2003 Benki ya Dunia ilitoa kitabu, jina lake Doing Business. Kiliuliza: mutu anayefungua kompani anangojea siku ngapi? Anapata umeme kwa bei gani? Analipa kodi mara ngapi? Kisha inchi zikapangwa kama wanafunzi kisha mutihani. Katika kitabu cha mwaka 2020 Kongo ilikuwa ya 183 kati ya 190. Jirani yetu Rwanda, ya 38.

Tusivunje kioo kwa sababu uso wetu ni muchafu. Karatasi nyingi, ofisi nyingi, kodi juu ya kodi: mambo hayo ni ya kweli, na kitabu kilifanya vema kuyasema mbele ya wakubwa.

Lakini kipimo kilikuwa na kilema. Kwa Kongo kilipima muji mumoja tu, Kinshasa; Kolwezi hakikufika, sembuse Musumba. Tena kiliangalia njia ya mwenye kompani, si ya mutu anayekaa kando ya shimo. Mwisho, mwaka 2021, Benki yenyewe ilikiacha, maana hesabu za inchi kadiri, kati yao China na Saudia, ziligeuzwa. Mwenye mizani akidanganya, soko lote linaharibika.

Basi tufurahi? Hapana. Mizani ikivunjika, muzigo haupungui. Sharti tupime sisi wenyewe, na sheria ya madini ya mwaka 2018 inatupa pa kuanzia. Redevansi ya shaba ilipanda toka 2 kwa mia hata 3.5, na ya kobalti ikawa 10 kwa mia. Katika kila franga 100 za redevansi, 50 ni za serikali ya Kinshasa, 25 za jimbo, 15 za komine, sekta na sheferi za mahali panapochimbwa, na 10 za mufuko wa vizazi vitakavyokuja.

Huu ndio uchunguzi unaotufaa. Pale panapochimbwa, zile 15 zimefika? Zimejenga kisima gani, kalasi gani? Na Musumba, iliyo mbali na mashimo ya shaba lakini ndani ya jimbo lilelile la Lualaba, imeona nini katika zile 25? Anayejua kusoma na kuhesabu aulize, aandike, arudi tena mwaka ujao.

Kitabu cha Benki kilitafuta namna feza inavyoingia. Swali la pili la Musumba, inagawiwa nani, hakikuliuliza. Na inchi inajulikana kwa swali lile.