Mizani ya Chuma: Kuisoma Nyumba ya Eames

Nyumba ambayo Charles na Ray Eames walihamia mkesha wa Krismasi wa mwaka 1949, huko Pacific Palisades, California, imezoeleka kuelezwa kwa mambo mawili: kiunzi chake kilichotokana na vipuri vya kawaida vya kiwandani, na wingi wa vitu vilivyosheheni ndani yake. Maelezo mengi huyatenga mambo hayo, la kwanza likahesabiwa kuwa usanifu na la pili likaachwa liwe tabia tu ya wenye nyumba. Mimi nayaona kuwa kazi moja. Kiunzi kile kilisukwa kwa namna inayoustahimili wingi na hata kuudai, na wingi wenyewe hausomeki vyema mpaka uwekwe ndani ya kiunzi hicho.

Nyumba hii ina miswada miwili, na anayetaka kuielewa hana budi kuisoma yote. Mwaka 1945 John Entenza, mhariri wa jarida la Arts & Architecture, alitangaza mpango wa kujenga nyumba za mfano kwa ajili ya maisha ya baada ya vita; hii ikawa ya 8 katika orodha. Mswada wa kwanza, uliochorwa na Charles pamoja na Eero Saarinen na kujulikana kama Nyumba ya Daraja, ulikuwa sanduku la chuma na kioo lililotokeza kutoka mlimani, likaning'inia juu ya uwanda wa nyasi na kuikabili bahari moja kwa moja. Chuma kikachelewa kwa uhaba ulioachwa na vita. Katika kipindi hicho cha kungoja, Charles na Ray walikuwa wakienda kula na kupumzika kwenye nyasi zilezile ambazo jengo lao lingezifunika kivuli, wakazipenda, na chuma kilipofika walikuwa wamekwisha kubadili nia. Wakakipanga upya, inasimuliwa kwamba boriti moja tu ndiyo iliyoongezwa. Ni nadra kwa mhakiki kupewa ushahidi bayana kiasi hiki wa nguvu ya umbo: malighafi ni ileile, kauli ni mbili.

Katika mswada wa pili nyumba imeupa mlima mgongo. Imejibana kwenye ukuta wa zege wenye urefu wa meta 60 hivi, unaozuia udongo wa mteremko, na ubavu wake mrefu unatazamana na safu ya mikalitusi iliyotangulia kuwapo. Bahari imebakiziwa upande mfupi tu, mwishoni mwa sebule. Hapo ndipo ninapouona ujasiri wa kazi hii, kwa kuwa kile ambacho mswada wa kwanza ulikitoa chote kwa mkupuo, huu wa pili unakiahirisha. Mgeni anaambaa na karakana, anapita uani, kisha anaifuata nyumba, na muda wote huo anachokiona kwenye vioo ni vivuli vya majani na vigogo vya miti. Vigogo hivyo vimesimama bila mpangilio mbele ya nguzo zilizosimama kwa mpangilio mkali, hata jicho likawa linasikiliza midundo miwili kwa pamoja.

Mpangilio huo wa nguzo unastahili kukaziwa macho. Ubavu umegawanywa katika mafungu yaliyo sawa, kila moja lenye upana wa meta 2 na robo hivi: 8 ya nyumba, 4 ya ua, 5 ya karakana. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa mizani ataitambua mara moja kazi ya mgawanyo huu, maana kipimo kisichoyumba ndicho kinachompa msanii uhuru wa kubadilisha kila kilichomo. Ndani ya kipimo kuna kioo kiangavu, kioo cha ukungu, kioo chenye wavu wa waya, na mabamba ya rangi: meupe, meusi, la buluu, jekundu. Vyuma vyembamba vinavyokingamana kuzuia jengo lisiyumbe vimeachwa wazi, vikawa pia mistari ya mchoro. Na mafungu 4 ya ua hayana nguzo wala paa, lakini jicho lililokwisha kuizoea hatua huendelea kuhesabu mpaka chuma kirudi upande wa pili. Utupu huo umepimwa kwa uangalifu sawa na kuta.

Tuingie ndani. Sebule imeachwa ipande hadi darini, kimo cha zaidi ya meta 5, na kando yake kuna kijisehemu chenye dari fupi na kochi lililojengewa humohumo. Vyumba vya kulala viko juu ya kijisehemu hicho, vikiichungulia sebule. Mtu aliyeketi pale chini anapata kimo cha mwili wake na, hatua chache mbele, kimo cha miti. Mabati ya dari na boriti zake hayakufichwa kwa plasta, hivyo ule mgawanyo wa nje unaendelea kuhesabika kutoka ndani. Navyo vitu ni vingi: mikeka, mito, vinyago, kome, mishumaa, mimea, gugu kavu la jangwani linaloning'inia, mchoro wa Hans Hofmann uliotundikwa ukilala chini ya dari. Kwa kuwa mistari ya chuma haikatiki, kila kitu kina anwani yake, na macho yanaweza kukitoka kimoja na kukiendea kingine bila kupotea.

Tuilinganishe na nyumba ya Farnsworth, ambayo Ludwig Mies van der Rohe aliikamilisha huko Plano, Illinois, mwaka 1951. Nayo ni ya chuma na kioo, na uzuri wake siutilii shaka. Lakini ni uzuri wa kauli iliyokwisha kufungwa, ambapo kiti kilichosogezwa kidogo huonekana kuwa kosa la sarufi. Kiunzi cha Eames kinakubali nyongeza. Wenyewe walilijua hilo, maana mwaka 1955 walitengeneza filamu kuhusu miaka 5 ya kuishi humo, wakaiunda kwa picha mgando pekee: ua moja, pembe ya dirisha, kikombe, kivuli. Ni namna ya kuisoma nyumba kijipande kwa kijipande, na inawezekana tu pale ambapo kila kijipande kinabeba kipimo cha kazi nzima.

Kwa sababu hiyo siuafiki mgawanyo unaompa Charles chuma na kumwachia Ray mapambo. Ray alikuwa mchoraji, mwanafunzi wa Hofmann huyohuyo, na taaluma hiyo inaonekana kwenye ubavu wa nje kabla hatujafika kwenye mito ya kochi: mahali pa bamba jekundu, uzito wa jeusi dhidi ya kioo, bamba la dhahabu lililowekwa juu ya mlango wa mbele. Hayo ni maamuzi ya uchoraji, na yalifanywa ndani ya chuma. Ukiyaondoa, zile nguzo zitabaki zikilibeba paa, lakini mafungu yake hayatakuwa na cha kusema.